Shakwe wa Jiwe Jeupe

Ziwa Tanganyika likimchukua mtu, watu wa Ikola hawahangaiki kupiga mbizi. Hukaa ufukweni wakaangalia shakwe. Shakwe wakizunguka na kujitupa majini, hapo pana dagaa. Wakizunguka chini chini bila kujitupa, boti huenda na turubai.

Verdiana alikuwa akiwaangalia tangu juzi, rozari mkononi. Upepo ulipindua mtumbwi wa mumewe, Melkior. Wenzake wakaokolewa, yeye hakuonekana. Hakuomba tena arudi hai. Aliomba amzike, basi, apate mahali pa kupalilia na kuwasha mshumaa. Shemeji yake, Josephat, alikuwa majini na boti, akingoja ndege wamwonyeshe pa kwenda.

Asubuhi hiyo alifika kijana wa Mpanda mjini, Feisal, mwenye studio ya picha. Alitaka shakwe wa kuweka kwenye kalenda, wakiwa juu ya Jiwe Jeupe, ule mwamba ambao wenye boti wakiuona hujua wamefika nyumbani. Alitazama, akaguna.

"Mbona mwamba mtupu? Ndege wenyewe wako wapi?"

"Wamekwenda kusuka," alimjibu Happiness, jirani yake Verdiana, huku akigeuza dagaa kwenye chanja. "Ungepiga simu kwanza." Alisema hivyo ili Verdiana atabasamu walau kidogo, lakini wapi.

Feisal alicheka, akanunua ndoo nzima ya dagaa, akakodi mtumbwi. Hakuna aliyemuuliza dagaa ni za nini. Ikola nani anaulizwa dagaa za nini?

Feisal alikuwa bado njiani kwenda mwambani, akipiga picha, Verdiana akasimama. Mbali, upande wa kusini, shakwe walikuwa wameanza kuzunguka. Chini chini. Hakujitupa hata mmoja.

"Happiness. Waone wale."

Happiness aliacha dagaa zake. "Yesu wangu. Ndipo hapo."

Boti ya Josephat nayo iligeuza pua kwenda kusini. Verdiana akaanza Salamu Maria, akakosea maneno aliyoyajua tangu utoto.

Ndipo Feisal, pale mwambani, akamwaga dagaa. Shakwe mmoja aliona, akapiga kelele, na wale wa kusini wakainuka wote. Walikuja kama unga uliopeperushwa, wakaufunika mwamba. Boti ikasita. Ikageuka, ikawafuata.

"Siyo huko!" Verdiana alipunga kitenge, akaingia majini mpaka kiunoni. "Josephat! Siyo huko, baba!"

Injini haisikii mtu.

Josephat alipofika mwambani alimkuta kijana anapiga picha, meno yote nje. Alipoelewa, alirudi kusini mbio, lakini kusini ipi? Maji hayashiki alama. Upepo wa milimani ukashuka, ziwa likachafuka, boti ikarejea na turubai lililokunjwa vile vile.

"Kwa upepo huu, shemeji," alisema bila kumtazama usoni, "atakuwa anakwenda Kongo."

Feisal alikuja, kamera bado shingoni. "Mama, wallahi sikujua."

"Najua hukujua." Verdiana alikuwa bado anachuruzika maji. "Picha ulizopiga njiani, kabla hujamwaga. Nionyeshe."

Feisal alizipekua kwenye kioo cha kamera. Katika moja, nyuma ya ule mwamba mtupu, walionekana ndege wadogo kama punje za mtama, na chini yao kitu cheusi kimelala majini.

"Gogo hilo," Happiness aliharakisha kusema.

"Kuza," alisema Verdiana.

Feisal akakuza. Gogo lilikuwa na shati la mistari.

"Zaidi."

"Nikizidisha itaharibika, mama."

"Zaidi, mwanangu."

Verdiana aliangalia mpaka mistari ikawa vumbi. Kisha akapiga magoti mchangani, mbele ya kile kioo kidogo.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana."

"Na mwanga wa milele umwangazie," Happiness na Josephat wakaitikia.

Feisal, Mwislamu, hakujua aitikie nini. Alibaki ameishika kamera kwa mikono miwili mbele ya macho ya Verdiana, na mikono ilipoanza kumuuma hakuthubutu kuishusha.