Damu ya Kulinganishia

…njano, tena njano iliyokolea, rangi ya mwenye ugonjwa, kwenye kishimo cha kwanza kabisa cha sahani, kile ambacho siku zote hubaki cheupe kama maji, maana humo ndimo wanamotia damu ya mtu asiye na ugonjwa ili walinganishe na za wagonjwa wa homa ya ini, "Bi Barafu, hiyo dawa ya kupimia imeharibika," anasema Fundi Mashine nyuma yake, "mwaga turudie," na yeye, mtunza majokofu, kaishika sahani ya plastiki kaduwaa, arudie nini na jana alirudia, leo tena ni yaleyale, loo, dawa gani inaharibika kwa mtu mmoja tu… kichupa kimechanganywa basi, nani kachanganya, kakifunga mwenyewe, kakiandika mwenyewe, damu kaitoa mwenyewe, kwa sababu dereva wao, ambaye damu yake ndiyo hutumika miaka yote, yuko likizo, ndipo yeye akakunja mkono wa blauzi huku anajitapa, chukueni yangu, safi hii haina hata vumbi, wakacheka wote, yeye zaidi… yangu, Mungu wangu, ni yangu… lakini si alichanjwa alipoajiriwa, sindano tatu, ndiyo, ila nani alimpima kwanza, hakuna, na chanjo haimtoi mgeni aliyekwishaingia ndani, kaingia lini, "unanisikia lakini?" anasikia, anamsikia mama yake, miaka ile, akiguna kitandani, tumbo limefura, macho njano, na shangazi ananong'ona karogwa huyu, karogwa wapi, ni ini lile, jamani, ini, na mama alimzaa yeye nalo bila kujua, akamwambukiza katika kumzaa kwenyewe… na mkono wake mwingine umeshafika tumboni, chini ya koti jeupe, miezi mitatu, hajui mtu ila mumewe, wewe humo ndani, nisamehe, mama yako mimi… ngoja, ngoja kwanza, huyu hajazaliwa, huyu bado, mtoto akichomwa sindano yake saa zilezile za kuzaliwa, na mjamzito akianza dawa mapema, wengi wanasalimika, si ndicho wanachokisema humu kila siku, mama hakuambiwa na mtu, yeye kaambiwa… "Tumwage au?" anauliza Fundi Mashine, na sahani bado iko mkononi, njano ni njano ileile, naye anamfikiria mkunga asiyemjua, atamganda kama kupe, hata uchungu ukimshika atapiga kelele wodi nzima isikie, sindano kwanza, jina la mtoto baadaye.