Ukuta wa Mtayarishaji Mwenza

Fundi rangi hakujua mtayarishaji mwenza ni mdudu gani mpaka siku dada yake mdogo alipomwambia kuwa ni yeye.

"Umetupatia nyumba, umetupatia pikapu, wiki nzima unatuvumilia," dada alisema. "Mtayarishaji mkuu mimi, mwenza wewe. Jina lako litatokea kwenye filamu."

"Sawa. Kazi yangu nini?"

"Kuhakikisha hatukwami."

Jibu hilo halikumwingia. Akamuuliza mpiga picha, akaambiwa mwenza ni yule anayekubali kutolewa makochi nje. Mwongozaji, waliyemwita Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake, alisema ni mtu wa kuulizwa wakubwa wawili wakigombana. Mkewe, akitoka kwenda kazini, alisema ni mtu anayekatazwa kukohoa sebuleni kwake mwenyewe. Fundi akazidi kuchanganyikiwa.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kwa mwigizaji mkuu, mama mmoja mwenye uso wa kuliza mawe. Saa kumi gari lingekuja kumpeleka uwanja wa ndege, na huko aendako alikuwa na mkataba wa mwaka mzima. Lilibaki tukio moja tu: mjane ameketi, ameegemea ukuta wa sebule, anamwambia mwanawe kwamba nyumba imeuzwa. Lisipokamilika, hakuna filamu. Dada mtu alikuwa ameihangaikia filamu hiyo miaka mitatu, na wiki hiyo alikonda mpaka pete zikawa zinamtoka vidoleni.

Nusu ya tukio ilipigwa asubuhi. Saa saba wote wakatoka uani kula.

Fundi akabaki sebuleni akiutazama ukuta. Roho ikamuuma. Ufa ulitoka dirishani mpaka chini. Pembeni yake kulikuwa na doa la bomba lililowahi kupasuka, na juu ya kiti chake, alama ya mafuta ya nywele zake mwenyewe, miaka kumi na moja ya kuegemea hapo akisikiliza taarifa ya habari. Watu waone hivi nyumbani kwa fundi rangi! Nani atamwita tena kazini? Halafu si ameambiwa asaidie? Akachukua puti, akaziba ufa, akapitisha rola ukuta mzima. Nusu saa haikufika. Ukuta ukang'aa kama yai.

Kofia aliingia wa kwanza, anachokonoa meno. Akasimama. Kisha akaketi sakafuni polepole, kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," fundi alisema, akisubiri kushukuriwa.

"Mzee, mama kaanza kuongea kwenye ukuta mchafu. Amalizie kwenye ukuta mpya?"

"Kwani mtu haruhusiwi kupaka rangi kwake?"

"Katikati ya sentensi?"

Dada mtu hakupiga kelele. Alisema "Kaka" mara moja tu, akaangalia saa. Hiyo ilimuumiza fundi kuliko matusi.

Mpiga picha akaleta skrini yenye picha ya asubuhi. Fundi akaikodolea macho. Ule uchafu wake, pale kwenye skrini, haukuwa aibu tena. Ungedhani yule mama kazaliwa hapo.

"Kumbe mliutaka hivi hivi?"

"Nyumba hii tuliichagua kwa ajili ya huo ukuta," Kofia alisema.

"Na mimi nikadhani ni kwa sababu ni ya kaka yake mtayarishaji!"

Hakuna aliyecheka. Fundi akavua shati. Rangi ilikuwa bado mbichi, akaiosha kwa sponji na maji, akaikwangua puti yote kwa kisu. Doa la bomba akalirudisha kwa chai ya rangi iliyokolea. Ila alama ya kichwa ilikataa chai. Ikabidi apake mafuta nywele, akae kwenye kiti, aanze kusugua kichwa ukutani.

"Kushoto kidogo, mzee," Kofia alielekeza, skrini mkononi. "Shusha kichwa. Sugua kama umechoka."

"Nimechoka kweli!"

Mwigizaji alicheka mpaka poda ikamtoka, akapakwa upya.

Saa tisa na robo wakalinganisha. Ufa ulifanana, doa lilikaribia, lakini ukuta ulikuwa na unyevu, umekolea rangi zaidi ya asubuhi.

"Tuendelee tulipoachia," Kofia alisema. "Watu watatazama uso."

"Wataona," dada mtu akakataa. "Turudie toka mwanzo."

"Na gari likitukuta katikati? Tutakosa vyote!"

Wakageuka wote wawili. "Mwenza, unasemaje?"

Fundi akaangalia nyuma, labda kuna mwenza mwingine. Hakuna.

"Mimi filamu sizijui," alisema. "Ila ukuta haupakwi kiraka. Ukipaka kiraka, hata mteja mwenye chongo atakiona. Unaanza kona, unamalizia kona. Anzeni kona."

Kofia akapiga makofi. "Haya, mwanzo!"

Majaribio mawili yalikwama, taa ikasumbua, saa ikakimbia. La tatu likaenda bila kusimama. Zilibaki sentensi chache tu, honi ikalia nje. Gari limewahi. Mrekodi sauti akashika kichwa. Fundi akafumba macho akijua amemmaliza dada yake.

Mwigizaji hakutikisika. Aligeuza uso dirishani taratibu, akamwambia mwanawe, "Wenye nyumba wamefika." Sentensi zilizobaki akaziacha, akauegemeza mgongo ukutani, chozi moja likamtoka.

Ndipo Kofia akasema, "Kata!"

"Hiyo haikuwemo kwenye maandishi," fundi akanong'ona.

"Haikuwemo." Dada mtu alikuwa analia huku anacheka. "Lakini ndiyo tukio lenyewe. Tumemaliza, kaka."

"Kwa hiyo mimi nimeharibu, au nimefanya kazi?"

"Vyote viwili."

Honi ikalia tena. Sanduku la mama lilikuwa bado mlangoni, na kila mtu alikuwa anakumbatiana na mwenzake. Hakuna aliyemwambia kubeba sanduku ni kazi ya nani. Akalibeba.