Jambo Lililozikwa Kiwanjani

Siku wazee wa mtaa wa Kiwanjani walipomtoa Deka kituo cha polisi, Zeinab, muuza maziwa, ndiye aliyeleta maziwa ya kikao cha suluhu. Deka, msichana wa shule, alikuwa amemwibia Zeinab mtungi mzima wa maziwa ya ngamia, akauuza. Afisa wa watoto alikubali asipelekwe kortini, mradi mambo yaishe nyumbani. Wazee wakaamua Deka amsaidie Zeinab kazi hadi shule zifunguliwe. Kikombe cha maziwa kikazunguka, kila mtu akaonja, kisha Mzee Isacko akasema, "Jambo hili tumelizika. Asilifukue mtu."

Deka aliosha mitungi na kuifukiza kwa kijinga cha moto ili maziwa yasiharibike. Punde akaijua kazi kuliko Zeinab mwenyewe.

"Mama Zeinab, hata mbu wamenikimbia," alisema siku moja akijinusa mkono. "Atakayenioa ataoa mtungi!"

Zeinab alicheka hadi mtandio ukamteleza. Hakuwa na binti. Alianza kumwekea chapati.

Kisha asubuhi moja gari la maziwa kutoka Kipsing likashusha mitungi kibandani kwa Zeinab, na mmoja haukuonekana. Kathure, muuza miraa wa kibanda cha pili, akauliza, "Kwani umeenda wapi?"

"Muulize mwenye mazoea," Zeinab akajibu.

Wateja waligeuka kumtazama Deka. Deka aliweka kijinga chini, akapangusa mikono, akaondoka.

Kabla ya adhuhuri Guled, dereva wa gari lile, akarudi mbio na mtungi. "Pole mama, huu ulibaki nyuma ya kiti."

Zeinab alienda kwa kina Deka jioni hiyo hiyo kuomba radhi. Mama yake msichana alisimama mlangoni. "Hataki kukuona," akasema.

Shule zilipofunguliwa, Deka hakurudi darasani. Muda si mrefu akakamatwa pamoja na vijana waliovunja duka. Wazee wakaenda tena kituoni, na Zeinab akawafuata na maziwa. Afisa akamwuliza Deka kama angependa mambo yaishe kwa wazee.

"Nipelekeni kortini," akasema, bila kumtazama Zeinab. "Huko hata wakinifunga, siku zangu zikiisha, zimeisha."

Mzee Isacko aliinamisha kichwa. Hakumlaumu Zeinab hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Zeinab alirudi nyumbani na maziwa yake. Yalikuwa yameanza kuchacha. Mtungi ule alikuwa ameufukiza mwenyewe, na moshi haukuwa umekolea.