Mgeni wa Pili wa Thadei

Jumamosi moja ya Juni mwaka 2006, saa kumi alasiri, Margareth alikuwa amekaa nje ya nyumba yake kule Endamarariek, ungo mapajani, akichambua mbaazi. Wanaume wawili wakapiga hodi getini. Mmoja alikuwa mfupi na mnene, koti la mtumba limembana. Mwingine alikuwa mrefu, mwembamba, shati limenyooshwa pasi, macho yake ya manjano. Hawakuwa na mizigo.

"Karibuni," alisema Margareth, mkono haukuacha mbaazi. "Tuliambiwa mna safari ya huku. Chakula kipo."

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa la sista Naomi wa kliniki. Sista Naomi ana moyo laini, na neno virusi humkwama kooni akimtazama mtu usoni. Kwa hiyo Jumatano ile, majibu ya damu yaliporudi kutoka Nairobi, alimshika mkono Thadei, mume wa Margareth, mke akisikia, akasema: "Baba Anneth, mwilini una wageni wawili. Mmoja ni huyu wa UKIMWI. Wa pili anakaa kwenye ini, anaitwa homa ya ini, aina ya C." Sasa mtu akishaitwa mgeni hana budi kupiga hodi, na mwenye nyumba akipigiwa hodi hana budi kukaribisha. Hilo Margareth alifundishwa kwao Marangu kabla hajajua kuchota maji.

Wageni wale walikuwa wamesafiri kwa sindano moja. Mwaka 1993 Thadei, wakati huo mpishi wa kambi za watalii, alishikwa na malaria akiwa mnadani, akachomwa na bwana mmoja aliyetembea na sindano yake kwenye mfuko wa shati na kuitumia kwa foleni nzima.

"Tulibanana sana mle ndani," alieleza yule mnene akipokea sahani. "Mtuwie radhi kwa kuchelewa."

Huyo mnene hakusumbua. Dawa yake ilitolewa bure kliniki, kila mwezi, kidonge asubuhi na kidonge usiku. Thadei alipomeza cha kwanza, mgeni alipiga miayo, akajilaza juu ya magunia pembeni mwa ukuta, akalala. Sista Naomi alikuwa ameonya kwamba ukiruka dozi ataamka, basi Margareth akawa anafagia kumzunguka, taratibu. Siku zilivyokwenda alizidi kupungua, mpaka koti likamtosha, kisha likawa blanketi.

Yule mrefu hakulala. Jumatatu asubuhi Margareth alimkuta ameketi kwenye stuli, mikono magotini.

"Na dawa yako wewe?"

"Ipo, shemeji," alijibu kwa aibu. "Sindano moja kila wiki, na vidonge, karibu mwaka mzima. Kuna watu nimewaacha kabisa kwa dawa hiyo. Iko Nairobi, kwenye friji."

Margareth alivaa viatu vya kanisani, akapanda gari hadi Karatu mjini, dukani kwa Nehemia. Nehemia aliuza panadol, dawa za minyoo, na mafuta ya kuzuia jua kwa watalii. Alipiga simu Nairobi, akasikiliza muda mrefu, akaiweka simu chini kama yai.

"Mama Anneth, ukiuza shamba lako na la Mzee Gwandu pamoja, hujafika nusu. Na hata ukifika, hawaleti huku. Wanasema huku hakuna soko."

"Soko si watu wanaotaka kitu?"

"Hilo ni la kwetu, la mnadani. La kwao ni watu wenye uwezo."

"Basi waseme hakuna hela. Wasiseme hakuna soko. Soko ni mimi hapa, nimesimama."

Nehemia alimletea kiti. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Alirudi nyumbani hasira zimemjaa. Na kwa kuwa ilikuwa siku ya tatu, alitoa jembe nyuma ya mlango akamkabidhi yule mrefu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahenga hawakusema kama mgeni akiwa ugonjwa asamehewe.

Mgeni alilima. Mistari yake ilinyooka kuliko ya trekta, na udongo mwekundu ulilainika kama unga. Jirani yao Mzee Gwandu, Mwiraqw ambaye hajawahi kusifia shamba la mtu, alikuja akasimama mpakani.

"Huyu mnamkodisha?"

"Ni mgeni wa Baba Anneth. Yule wa ini."

"Ahaa," alisema mzee. "Basi nitalima mwenyewe."

Lakini kila mstari uliokwisha, Thadei alichoka kama aliyeulima yeye. Miguu ilianza kumvimba, kisha tumbo. Mgeni aliliona hilo kabla ya wengine, akamwomba Margareth alifungie jembe ndani. Alilifungia. Kesho yake wakamkuta akilima kwa mikono, analia. Hakujua kukaa bure. Wakamrudishia jembe, maana kucha zake zilikuwa zinaumia.

Jioni Thadei alimfundisha kuoka mkate ndani ya debe, makaa chini na makaa juu, kama walivyofanya kambini. Waliula mkate ungali moto, watatu, wakizungumza kwa sauti ya chini kwa ajili ya aliyelala. Margareth alijitahidi kumchukia mgeni, akashindwa. Aliyemchukia ni mwenye ufunguo wa ile friji, na huyo hakumjua hata jina.

Mwezi wa kumi mgeni alisema ataifuata mwenyewe dawa yake Nairobi. "Ofisini kwao wananijua," alisema. Margareth alimfungia mkate kwenye kitambaa.

Siku tatu alizokuwa safarini Thadei alikula sahani mbilimbili. Alitembea hadi kisimani na kurudi, akamtania mkewe kwamba viatu vya kanisani vinamfanya aonekane mke wa mchungaji. Margareth alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa mgeni alirudi na kalenda ya mwaka 2007 na kalamu yenye jina la dawa.

"Walinipokea vizuri," alisema. "Picha yangu iko ukutani, kubwa, ya rangi. Walinipa soda. Wakauliza huyo mtu ana mgeni mmoja au wawili. Nikasema wawili. Wakasema kwa wenye wawili dawa bado haijajaribiwa vya kutosha. Wakauliza anaishi wapi. Nikataja Endamarariek. Wakafunika kalamu, wakanipa."

"Uliwaambia soko lipo?"

"Niliwaambia, shemeji. Nilikutaja kwa jina."

"Ungebaki hukohuko," alisema Thadei, bila ubaya.

"Nilijaribu, kaka. Miguu ikarudi."

Kalenda waliitundika karibu na picha ya harusi. Ilikuwa na wazee wawili wa Kizungu, mke na mume, wameshika baiskeli, wanacheka. Margareth aliwatazama kila alipopita, akawatakia heri. Walikuwa na soko.

Asubuhi moja ya Machi, masika yakinukia, mgeni alichukua jembe bila kuambiwa. Alizipita mbaazi, akaupita uwanja wa kuku, akasimama kwenye migomba ambayo Margareth aliileta miche yake kutoka Marangu. Akaulaza mpini chini, akapima, akatia alama kwa kisigino. Akapima tena, kama mtu asiyetaka kupoteza ardhi ya mwenzake. Machozi yalimtiririka hadi kwenye shati.

Thadei alikuwa mlangoni, amejifunga blanketi. "Mama Anneth," aliita, "mwambie apunguze. Mimi si mrefu hivyo."

Margareth alimwendea. Alitaka kumnyang'anya jembe, na alijua mikono ile itaendelea bila jembe.

"Punguza kidogo," alimwambia. "Na uje unywe chai kwanza."

"Nikimaliza, shemeji."

Akairudisha alama nusu hatua.

Redio ilitangaza saa mbili kamili. Margareth aliingia ndani, akamruka yule mnene pale kwenye magunia, ambaye sasa alikuwa mdogo kama paka, akamimina maji kwenye kikombe, akampa Thadei kidonge chake cha bure. Thadei alikimeza. Mgeni wa kwanza aligeukia ukutani, akaendelea kulala usingizi mzuri. Kule migombani jembe likaanza.