Ujumbe wa Nyakasimbi Ukweni kwa Benadeta

Dada yangu Benadeta ameolewa Uganda, upande wa Isingiro, na amebatizisha watoto wanne bila mtu hata mmoja wa kwetu kutia mguu. Mara baba anaumwa, mara mpaka umefungwa kwa sababu ya korona, mara kahawa imeiva. Mama mkwe wake akaanza kuwauliza majirani, tena Benadeta akiwa palepale, kama huyu mwanamke aliokotwa barabarani. Alipozaliwa wa tano, dada akanipigia simu. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alisema tu, "Kemilembe, ubatizo ni Jumapili. Msipokuja safari hii, na mimi nitaamini niliokotwa."

Nikawakalisha kaka zangu kikao pale nyumbani Nyakasimbi. Walikuna vichwa kwa uchungu wa kweli, kisha wakasema kahawa imeiva. Kahawa ya kwetu ina tabia ya kuiva kila ndugu anapohitajiwa. Basi wakatafuta wasio na faida shambani, wakanipata mimi, niliyevunjika mkono ukaning'inizwa shingoni kwa kitambaa, na watoto wao watatu wasiofikia matawi: Gaudiosus wa miaka saba, Mukashema wa mitano na Cleophace wa minne. Huo ndio ukawa ujumbe wa ukoo. Nilikasirika hadi nikasahau maumivu ya mkono.

Heshima yetu yote ilikuwa kwenye kifurushi kimoja cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha ikaanikwa, mama ameifunga kwa majani makavu ya mgomba. Kwetu mgeni hajakaribishwa mpaka atafune punje, na anayekukaribisha hutangulia kutafuna ya kwake, uone kwamba hakukuwekea kitu. Nilipanga mama mkwe aipokee mbele ya watu wake wote, aone Benadeta ana kwao. Kwa kuwa mkono wangu mmoja ulikuwa mapumzikoni na wa pili umemshika Cleophace, kifurushi nilimpa Gaudiosus.

"Usikishike ovyo," nilimwambia. "Hiyo ni kahawa ya kuwakaribishia watu kwa heshima, kama babu anavyofanya."

Ningemwambia ni dawa ya minyoo, pengine ingefika salama.

Pale Nkwenda tulipanda gari la abiria, Noah, mimi mbele, watoto nyuma, nikasinzia. Mpakani Murongo niliamshwa na kicheko. Afisa wa mpakani alikuwa ameinama dirishani, anatafuna. Dereva anatafuna. Mama mmoja mwenye jogoo mapajani anatafuna. Gaudiosus alikuwa amesimama katikati ya viti, kifurushi amekishika kwa mikono miwili, anasema, "Karibu baba, tafuna," na kabla ya kumpa kila mtu, yeye na wenzake walitangulia kutafuna punje zao, sawasawa na desturi.

"Mama, watoto hawa ni wa nani?" afisa akaniuliza.

"Wa kaka zangu." Nikatoa barua ya wazazi na vibali.

Aliviangalia juu juu. "Wamelelewa," alisema, akachukua punje nyingine.

Nikachungulia kifurushi. Kilikuwa kimebaki majani na punje mbili. "Gaudiosus! Kahawa ya ukweni!"

"Lakini shangazi, walitukuta kwenye gari. Sisi ndio tulikuwa wenyeji."

Babu yake mwenyewe asingesema vingine.

Tulipovuka daraja, kahawa ikaanza kazi. Cleophace, ambaye hulala gari likiwashwa tu, alikuwa anahesabu ng'ombe wa Uganda kwa sauti, na hajui kuhesabu zaidi ya sita. Mukashema aliongea kutoka Kikagati hadi kanisani, na kanisani padri alimtazama mara mbili.

Baada ya misa tukaingia uani kwa wakwe. Turubai limefungwa, viti vimejaa, wote ni ukoo wa mume. Mama mkwe, ndani ya gomesi ya bluu, gauni lao la sherehe, alipokea kifurushi, akakifungua mbele ya watu. Kinyankole chake na Kinyambo chetu ni ndugu, sikuweza hata kujifanya sielewi.

"Hiki ndicho mlichokuja nacho?" aliuliza, akiinua punje mbili kwa ncha za vidole.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Benadeta alikuwa mlangoni na mtoto wake, akatazama chini. Nilimwonea huruma, na kaka zangu niliwachukia hasa.

Hapo hapo ujumbe ukatawanyika. "Shangazi Benadeta! Choo kiko wapi?" "Shangazi, huyu mbuzi ni wako?" "Shangazi, babu anakusalimu! Bibi naye! Na baba! Na baba mdogo!" Gaudiosus alipita kiti kwa kiti akitoa shikamoo na kujitambulisha: yeye ni wa Dastan, Dastan ni kaka yake Benadeta, kwa hiyo mtoto aliyebatizwa ni ndugu yake, na je, wewe ni nani wake? Mukashema alimfuata nyuma akirudia yote, asije mtu akasahau. Cleophace aliwahesabu wageni, akifika sita anaanza upya. Walizunguka ua, wakazunguka tena. Mama mkwe alipewa shikamoo mpaka akaacha kuitikia.

Mwishowe mama mkwe akashika kichwa.

"Benadeta!" alipaza sauti, watu wote wakageuka. "Hawa watu wako hawachoki? Kila ninapogeuka nawakuta watu wako!"

Benadeta akainua uso. Alimhamishia mtoto bega la pili, taratibu, kama mtu asiye na haraka yoyote.

"Hawa, mama?" alisema. "Hawa ni wachache. Wengine wamebaki wanachuma kahawa."