Upawa Wangu na Kikombe cha Kidawa

Mimi sipendi mtu anayeacha chakula sahanini. Nawaambia mapema ili mnijue. Miaka kumi na tisa nauza pilau na supu ya kongoro hapa sokoni Warwick Junction, kati ya madereva wa taxi na akina mama wauza mizizi ya dawa, na mteja akinirudishia sahani yenye wali, namuuliza mbele ya watu kama nimemkosea. Akisema "nimeshiba", namjibu, "Nani kakwambia?" na kumwongeza upawa mwingine.

Na mtu huyu ndiye aliyemwoa Kidawa.

Miaka sita iliyopita alikatwa tumbo ili lipungue. Akapungua kweli, hadi pete ikawa inamtoka kidoleni. Kisha akarudi jikoni kwangu. Wallahi sikumlisha, nilikuwa namwonjesha tu. Kijiko cha tui, aniambie kama limekolea. Kaimati moja, na ya pili ili ya kwanza isikae peke yake. Uzito ukarudi polepole, ukaja na kiungulia kikali hata mwaka mzima akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Ndipo madaktari wakakubali kumpasua tena: wamtengenezee kifuko kidogo zaidi cha tumbo, wakiunganishe na utumbo kule chini. Kabla ya hapo, siku kumi na nne za vinywaji na supu nyepesi, ili ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kufanya kazi.

"Nyumbani atapika nani?" aliuliza Clementina, binti wa Kitanzania anayeshughulikia lishe pale hospitali.

Nikajitutumua kitini. Kidawa akaniwahi. "Baada ya operesheni nitakaa Clairwood kwa Matilda. Wiki sita."

Matilda ni Mkongo, ana saluni pamoja na mke wangu. Nilihisi nimepewa talaka mbele ya mizani.

"Kwa Matilda? Kwa nini?"

"Kwa sababu Matilda hajui kupika."

Clementina akainamia makaratasi yake, mabega yanamtikisika. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nikasema, "Nipe hizi siku kumi na nne. Nikishindwa, begi lako nitalibeba mwenyewe hadi Clairwood."

Kidawa akanigeukia. "Kosa la kwanza nitasamehe," alisema. "La pili, naondoka."

Clementina akanikabidhi vikombe vidogo vya dawa, vya mililita thelathini, akanieleza bila haraka. Protini kwanza. Anywe funda dogo dogo siku nzima. Chakula kikishaanza, asinywe maji pamoja nacho, angoje nusu saa. Sukari itamtoa jasho na kumtetemesha. Vitamini kila siku, maisha yote.

"Aanze mazoezi sasa, baba, ili akitoka hospitali awe ameshazoea," alisema. "Na wewe pia."

Siku ya tatu nikatia tui kwenye supu.

Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kila siku. Kidawa akanywa funda moja, akaweka kikombe chini.

"Jecha."

"Naam."

"Hii supu ina tui."

"Tone tu, mke wangu. Bila tui ni maji ya kuoshea kuku."

"Hilo la kwanza," alisema, akaimwaga yote kwenye sinki.

Nilikasirika. Nimwagiwe supu nyumbani kwangu, mimi ambaye madereva wananipangia foleni! Nikatoka kuketi kwenye ngazi za mbele, nimenuna. Nyumba yetu, mtaa wa Bluff, iko mlimani, ngazi zake ni nyingi. Kidawa akanifuata, akashuka moja moja, akaketi kando yangu akihema.

"Nataka kulala chali," alisema. "Basi. Nimechoka kulala kama abiria wa basi. Na daktari ameshaniambia, hakuna operesheni ya tatu."

"Lakini ulikuwa unakula kwa furaha," nikasema. "Nilikuwa nakuona."

"Nilikuwa nakula ili usinune."

Neno hilo liliniingia. Niliona aibu, na nasema waziwazi. Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye ninayempa, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinipa. Nikamshika mkono tukapanda ngazi pamoja, tukipumzika njiani mara mbili.

Tangu siku ile nikawa mkali kumshinda hata Clementina. Supu ya mifupa niliichuja kwa kitambaa mara tatu, nikaipoza, nikaondoa mafuta yote juu. Nikatia tangawizi na mchaichai mpaka ikanukia bila kuhitaji tui. Nilianza hata kujaribu samaki wa kusaga, kwa ajili ya wiki zile za baadaye. Kikombe cha mililita thelathini nilikifunga kwenye kamba ya aproni nisije nikasahau kipimo. Godson, mpagazi wa pale sokoni, akakiona.

"Mzee Jecha, leo unapikia mbu?"

Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu tui limwagwe.

Mtihani wenyewe ulikuja Jumamosi, siku mbili kabla ya operesheni. Kwetu hakuna anayekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu. Kwa Wakongo ni hivyo hivyo. Nikafungua mlango nikawakuta watu wa msikitini na watu wa kanisa la Matilda, kama ishirini, kila mmoja na chungu chake. Matilda alikuwa mbele, amebeba sufuria kichwani.

"Papa Jecha, bonjour! Minaleta sombe, fufu na samaki ya mafuta. Mugonjwa ataenda namna gani ku hôpital na tumbo bule? Atakosa force!"

Harufu ya kisamvu, ugali wa muhogo na yale mafuta ya mawese ilinipiga puani. Nyuma yangu Kidawa alikuwa kwenye kochi, ananitazama. Begi lake la Clairwood lilikuwa tayari limesimama kando ya mlango. Maisha yangu yote sijawahi kukataa chungu cha mtu.

"Karibuni nyote," nikasema. "Vyungu vibaki nje."

 Matilda aliduwaa na sufuria yake kichwani. Kisha nikaleta sinia yenye vikombe ishirini vya dawa, kila kimoja kimejaa supu safi mpaka kwenye mstari.

"Hii ndiyo karamu ya leo. Mkiimaliza kabla ya nusu saa, mnaanza upya."

"Eish, Papa! Iko dawa ya kikohozi?" Matilda akaimeza yote kwa mkupuo.

"Matilda!" Kidawa akapaza sauti kutoka kwenye kochi. "Funda dogo dogo! Hivi ndivyo ungenitunza?"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Wakaketi, watu wazima ishirini na vikombe vyao kwa vidole viwili, wakinywa na kungoja, wakinywa na kungoja, Kidawa akiwasimamia. Mzee mmoja wa msikitini akaomba cha pili. Nikamwambia ameshiba.

"Nani kakwambia?" akauliza. Kidawa alicheka hadi machozi yakamtoka.

Wakaomba dua, wakaimba, kisha wakaenda kula vyungu vyao kwa jirani. Kidawa akasimama, akachukua lile begi. Nikadhani anaondoka. Akalipeleka chumbani, nikasikia kabati likifunguliwa.

"Kumbe Matilda naye anapika. Angenilisha fufu," alisema, akipanga nguo zake.

Operesheni ilikwenda salama, na akarudi jikoni kwangu. Tulianza na maji, kisha supu, kisha maziwa yenye protini, kila kitu kwa kikombe kile kile. Wiki ya tatu, mchana, nikamwekea samaki wangu wa kusaga kwenye kisahani cha chai. Akala kijiko. Akaweka kijiko chini, akangoja. Akala cha pili, na cha tatu.

"Nimeshiba," alisema.

Mdomo ulishafunguka. Nikaufunga. Nikachukua kisahani, na nusu ya samaki ndani yake, nikakimalizia mwenyewe nikiwa nimesimama jikoni.

Nilipomaliza kuswali alasiri nikaenda chumbani kumtazama. Mito miwili ilikuwa sakafuni. Kidawa amelala chali, mikono wazi, anakoroma. Nilikuwa na hamu kubwa ya kumuuliza kama samaki alikolea chumvi. Sikumwamsha.