Mgeni Hana Sauti Ukumbini

Lovina Drake aliwaambia wanafunzi waliopanda roshani ya ukumbi kutazama mkutano wa kijiji kwamba Katiba ya Marekani anaijua yote kwa moyo, neno kwa neno. Kisha akaketi, akavua glavu, akaongeza kuwa akisema yote ana maana ya ile sentensi ya kwanza tu, na hiyo nayo humponyoka katikati. Lakini Ibara ya Kwanza, kifungu cha nane, pale inaposemwa kwamba Bunge la Washington ndilo lenye uwezo wa kuanzisha posta, hapo alipashika kama mtu anavyoshika jina la mwizi wake.

Hasira ilikuwa imemkaa tumboni tangu Oktoba. Mwezi ule posta ya kijiji chao, huko milimani New Hampshire, ilifungwa na dirisha lake likapigiliwa mbao. Dawa za moyo za mumewe Amos zilikuwa zikija kwa posta ile. Sasa zinashukia mji wa ng'ambo ya mlima. Theluji ikianguka barabara hufungwa, dawa zinalala huko, Amos analala huku akihema kama mvukuto wa mhunzi.

Alipiga simu kwa gavana, akaambiwa posta si ya jimbo, ni ya serikali ya shirikisho. Akapiga ofisi ya mbunge wao wa Washington, Mheshimiwa Prescott Lyle. Huko akaambiwa jambo la kijiji huanzia kijijini. Kijijini nako wakamwambia wao mamlaka yao ni kukwangua theluji na kufunga mbwa wakorofi. Walimu husema madaraka yamegawanywa ili asitokee mfalme. Lovina aliona yamegawanywa ili asitokee wa kulaumiwa.

Sasa ilikuwa Machi, siku ya mkutano mkuu wa kijiji. Wapiga kura wamebanana kwenye mabenchi, wanawake wanafuma soksi, maharagwe yanachemka jikoni nyuma, na bajeti ya barabara imeshapita kwa kunyoosha mikono. Mheshimiwa Lyle naye amekuja, maana uchaguzi unanukia, amevaa buti ambazo tope halijawahi kuzijua.

Ukumbini humo asiye mkazi wa kijiji hana sauti, hata awe rais, mpaka wenyeji wakubali. Mwenyekiti huuliza kama kuna anayepinga, watu hunyamaza, mgeni huongea. Enoch Batchelder, mwenyekiti, aliuliza hivyo huku tayari amemgeukia Mheshimiwa kwa tabasamu.

"Napinga," alisema Lovina.

Sindano za kufumia zikasimama. Enoch, aliyemwoa dada yake Amos, akamwinamia. "Shemeji, unapinga kweli au unatuchekesha?"

"Nikikuchekesha utajua, utacheka."

Mzee mmoja akanung'unika kwamba mgeni hafukuzwi. Lovina akamjibu kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wamemlisha kura miaka minane na hata koleo la theluji hajaligusa. Kwa kuwa amepinga, ikabidi wapige kura. Lakini wakaafikiana kwamba Mheshimiwa kwanza ajibu swali moja la Lovina, ndipo waamue.

Lovina akasimama. Alitaka kupayuka, amtaje Amos na kile kikohozi chake cha alfajiri, lakini alijua bibi anayepayuka hupigwapigwa begani na kurudishwa kitini. Akaimeza hasira, akailainisha sauti kama siagi.

"Mheshimiwa, posta yetu uliiona lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa, bibi yangu. Nilisimama pale makusudi, nikanunua stempu, nikapiga soga na yule mama wa dirishani. Nikamwambia vumilieni, nawapigania usiku na mchana."

Mtu akakohoa benchi la nyuma.

"Na yeye alikuwaje?"

"Mchangamfu sana. Alinishika mkono, machozi yakamlengalenga."

Lovina hakumtazama tena. Alimgeukia jirani yake Ardith Colby, aliyekaa kwenye dirisha lile miaka mingi mpaka siku lilipofungwa.

"Ardith, simama umsalimie rafiki yako."

Ardith akasimama, soksi moja mkononi. "Mheshimiwa, dirisha lile lina mbao tangu Oktoba, na Ijumaa mimi nilikuwa nyumbani nakamua mbuzi. Mkono wako niliushika kupitia tundu gani?"

Kule roshani wanafunzi waliinama juu ya ukingo, na mwalimu wao hakuwakataza. Lovina alisema polepole kwamba Bunge ndilo lenye posta, na yeye ndiye aliyetumwa Bungeni, na mume wake anahema. Angekiri tu kwamba hajafika, wangempa kiti na maharagwe.

Enoch akauliza nani anakubali mgeni aongee. Haukuinuka mkono hata mmoja.

Mheshimiwa Lyle alimtazama Ardith, akaitazama soksi, akautazama mlango.

"Pengine ilikuwa Alhamisi," alisema.